Tulipoingiza Kinu Kanisani

Tangu Sikukuu ya Mavuno iliyopita tumeulizwa swali moja mara nyingi: wale waliokuwa wakitwanga kinu kando ya madhabahu, waliruhusiwa na nani? Wengine waliuliza kwa furaha, wengine kwa ukali kidogo. Leo tunaona tueleze habari yote, kwa sababu tunajua ziko sharika nyingi na shule nyingi ambako akina mama ndio wanaokabidhiwa mchezo wa sikukuu. Mavazi hushonwa mapema, maneno hukaririwa mapema, lakini muziki huachwa mpaka siku mbili za mwisho.

Nasi tuliuacha hivyo hivyo. Mchezo wetu ulikuwa wa Ruthi na Naomi. Tuliuchagua kwa kuwa ni habari ya mavuno, na pia kwa kuwa kila mmoja wetu ni mkwe wa mtu, na baadhi yetu sasa tunao wakwe wetu wenyewe, kwa hiyo maneno ya mchezo hayakuhitaji kuelezwa sana. Kuhusu nyimbo tulisema, "Vijana watazitafuta kwenye simu." Kweli kijana mmoja alituletea nyimbo nzuri zilizopigwa na mafundi, akaunganisha simu yake na spika za kanisa, tukaona tumemaliza.

Zikiwa zimebaki wiki tatu tulifanya mazoezi, na watoto wa shule ya Jumapili wakaja kututazama. Mama mwenzetu aliyeigiza Naomi alikuwa amemzika kijana wake mwaka uliotangulia. Tulilijua hilo tulipompa nafasi hiyo, na ni yeye mwenyewe aliyeiomba. Alipofika mahali pale ambapo Naomi anarudi Bethlehemu na wanawake wa mji wanamshangaa, naye anatakiwa kuwaambia kwamba alitoka na mume na watoto na sasa amerudi mikono mitupu, alinyamaza. Hakuwa amesahau maneno. Alinyamaza tu, ameshika ukingo wa khanga yake.

Simu haikujua hayo. Wimbo wa huzuni ulikwisha, ukaingia uliofuata, wa mavuno, wenye vigelegele na ngoma za haraka haraka, naye bado amesimama pale pale. Watoto wakacheka. Hatuwalaumu, mtoto hucheka kinachochekesha. Kijana wetu akakimbilia simu, akabonyeza pasipotakiwa, na sauti ikazidi kupanda.

Jioni ile tulikwenda nyumbani kwake watu watatu kumpa pole. Alitupikia chai, akatuuliza habari za watoto, akasema hakukasirika hata kidogo. Mwishoni, tulipokuwa tunaaga, alituomba jambo moja tu: "Jamani, msiniwekee kitu kinachonikimbiza."

Tulirudi njiani kimya. Ni kweli, wimbo uliokwisha kurekodiwa hukimbia kwa mwendo wake wenyewe, na mwigizaji hana budi kuufuata kama mtu anayekimbilia basi. Mpigaji aliye hai anamtazama mwigizaji. Mwigizaji akikawia, naye hukawia. Mama akishindwa kusema, kinanda kinaweza kushika sauti moja ya chini na kumngoja, na watu wasijue kwamba kuna lililoharibika. Kumbe bibi zetu walilijua jambo hili zamani. Nani kati yetu hakusimuliwa ngano yenye wimbo ndani yake? Bibi alikuwa hamalizi wimbo mpaka watoto wote wameitikia, na alipoona mdogo ameogopa zimwi, aliuimba ule wimbo polepole zaidi, au aliurudia mpaka hofu imetulia.

Mwenzetu mmoja ambaye ni mwalimu alitukumbusha habari ya Edvard Grieg, mtunzi wa Norwei. Mwezi Januari 1874 mwandishi Henrik Ibsen alimwandikia barua akimwomba amtungie muziki wa mchezo wake uitwao Peer Gynt, ambao ulikuwa umechapishwa mwaka 1867 bila kuchezwa jukwaani. Grieg alidhani ni kazi ndogo ya vipande vichache. Ilimchukua zaidi ya mwaka mmoja, na mchezo ukaonyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 24 Februari 1876 katika mji ambao leo unaitwa Oslo. Yeye mwenyewe alilalamika sana wakati wa kuutunga. Kipande cha mazimwi wa mlimani, ambacho siku hizi kinapigwa dunia nzima hata katika matangazo ya biashara, alimwandikia rafiki yake kwamba hawezi kuvumilia kukisikia!

Lakini kipande tunachotaka kuwaelezeni ni kingine, kile cha kifo cha mama. Katika mchezo huo mna mama mjane, Åse, ambaye mwanawe Peer ni mwongo na mzururaji, na kwa ajili ya makosa yake nyumba ya mama imebaki bila vyombo. Mama yuko kitandani anakufa. Mwana anarudi kwa siri, na badala ya kuomba radhi au kulia, anaketi miguuni pa kitanda na kuanza kumdanganya mama yake, kama alivyozoea, ila safari hii anamdanganya kwa upendo: anamwambia wamepanda gari la kukokotwa na farasi kwenye theluji, wanakwenda karamuni, na malango ya mbinguni yako mbele yao. Anapogeuka kumtazama, mama amekwisha kufa. Mtu angetazamia ngoma kubwa na tarumbeta mahali kama hapo. Grieg alitumia vyombo vya nyuzi peke yake, tena nyuzi zilizofungwa kizibo ili zisitoe sauti kubwa. Tuni yenyewe ni fupi mno. Inapanda kidogo kidogo, inarudiwa, halafu inashuka vivyo hivyo mpaka inakoma. Mama yeyote aliyewahi kukesha na mgonjwa anaufahamu mwendo huo wa kupumua.

Hatuwezi kusema Grieg alikuwa akimkumbuka nani. Tunachojua ni kwamba yeye na mkewe Nina, aliyekuwa mwimbaji, walimzika mtoto wao wa pekee mwaka 1869 akiwa na umri wa mwaka mmoja na mwezi mmoja, na kwamba mwaka 1875, mwaka ule ule wa kuumaliza muziki huo, alifiwa na baba yake na mama yake, wote wawili. Muziki wa mchezo huo ulikuja kupangwa upya ili upigwe peke yake bila waigizaji, na hivyo ndivyo watu wengi wanavyousikia leo, wasijue hata kwamba kuna mama kitandani.

Tusidhani lakini kwamba kazi hii ni ya Wazungu wenye vyombo vingi. Kule Kamĩrĩĩthũ, Limuru, nchini Kenya, mwaka 1977 wanakijiji, wengi wao wakulima na wafanyakazi, waliigiza Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Kigĩkũyũ ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Nyimbo zilijaa mchezo mzima, na wanakijiji wenyewe ndio waliowasahihisha waandishi pale nyimbo zilipokosewa. Sehemu ya arusi, yenye wimbo wa kujibizana uitwao gĩtiiro, maneno yake yalitolewa neno kwa neno na mama mmoja wa kijijini asiyejua kusoma wala kuandika. Mchezo ulianza mwezi Oktoba, na katikati ya Novemba kibali kikaondolewa na serikali, na mwisho wa mwaka Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini. (Mchezo wenyewe unatusema na sisi watu wa kanisa, tena kwa ukali. Si vibaya kuusoma.) Sisi jambo lililotushika ni yule mama. Hakujua kuandika, lakini bila yeye ile arusi isingekuwa na wimbo. Na hapa kwetu Tanzania, Penina Muhando katika Nguzo Mama, mchezo wake wa mwaka 1982 unaohusu wanawake wa kijiji wanaohangaika kuisimamisha nguzo, alimweka Bi Msimulizi na nyimbo jukwaani kama ilivyo katika ngano za bibi.

Basi tukajiuliza: kati yetu ni nani aliye na wimbo?

Alikuwapo. Ni mama mmoja wa kwaya, muuza ndizi sokoni, ambaye hajawahi kuongoza wimbo hata siku moja kwa kuwa anaona haya. Tulimkuta akisonga ugali wa mazoezi na kuimba kwa pua wimbo wa kutwanga aliofundishwa na mama yake. Wimbo hauna maneno mengi. Una mapigo mawili, la mchi wa kwanza na la mchi wa pili, na sauti inapita katikati yake. Tulimwomba aurudie. Mwalimu akauandika kwa do-re-mi nyuma ya ratiba ya mazoezi, na tuni ile ndiyo iliyokuwa mama wa nyimbo zetu zote.

Tunataka mwelewe hapo, kwa sababu ndipo tulipokuwa tumekosea tangu mwanzo. Tulidhani kila mahali panahitaji wimbo wake mpya. Hapana. Mchezo wa dakika arobaini unatosheka na tuni moja au mbili zinazobadilishwa mavazi. Tuni ya kutwanga ilipopigwa polepole na kwa sauti ya chini ikawa ya Naomi. Ikipigwa na filimbi peke yake, ikawa ya Ruthi njiani. Siku ya mavuno ikarudi na ngoma na kayamba na vigelegele, na kila aliyekuwa ameketi kanisani akaifahamu bila kuambiwa. Na mwanzoni kabisa, Bethlehemu ikiwa na njaa, tuliweka kinu na michi miwili mbele ya watu na hakuna aliyekigusa. Wazo hilo la kinu kukaa kimya lilitoka kwa yule yule muuza ndizi. Alisema, "Kwetu mwaka wa njaa unaujua kwa kutosikia vinu."

Kazi yenyewe ilitutoa jasho. Tulichukua daftari, tukachora mistari mitatu. Mahali pa kwanza tuliandika neno la mwisho au tendo la mwigizaji linalompa mpigaji ruhusa ya kuanza, mahali pa pili tukaandika kinachopigwa, na pa tatu alama ya kukoma. Alama ya tendo ni bora kuliko alama ya neno, maana neno husahauliwa, lakini mtu hawezi kusahau kuweka kikapu chini. Kwa hiyo Naomi akiweka kikapu, kinanda kinakoma. Kabla ya hapo tulimtungia kipande kifupi sana cha kusubiria, ambacho mwisho wake unaungana na mwanzo wake, ili binti wa kinanda aweze kukirudia mara mbili au mara ishirini bila mtu kuhisi mshono. Tuliona pia kwamba kinanda kikipigwa katika sauti zile zile anazozungumzia mwigizaji, maneno yake yanamezwa. Chini yake au juu yake, sawa, lakini si pale pale alipo. Na mama wa makamo asilazimishwe kuimba juu kama binti wa miaka kumi na tisa. Tulianzia G, tukashuka mpaka D, ndipo Naomi wetu akapumua.

Wapigaji wakae mahali wanapowaona waigizaji usoni. Sisi tuliwaweka nyuma ya nguzo kwa siku mbili nzima kwa sababu ya kupendeza, tukashangaa kwa nini wanachelewa.

Sasa habari ya kinu. Mzee mmoja wa kanisa alisema wazi kwamba kinu si chombo cha ibada, kitaleta vumbi na dhihaka. Tulimheshimu, tukamwendea nyumbani, hatukubishana naye mbele ya watu. Tulimwuliza kama sadaka ya mavuno ile ya mahindi na uwele inayoletwa madhabahuni haipitii kinuni kabla ya kumfikia mtu mezani. Alicheka, lakini hakukubali. Mchungaji aliamua kinu kisipande ngazi za madhabahu, kikae chini sakafuni upande wa kushoto, na tukatandika gunia chini yake ili sakafu isipasuke na mlio usiwe mkali. Tunaona aliamua vyema. Gunia lile kwa kweli liliufanya mlio uwe mzuri zaidi, wa kina, kama unatoka nyumba ya jirani alfajiri.

Jambo lililotutia uchungu zaidi lilikuwa la fedha. Vijana wawili, wa ngoma na wa filimbi, si wa usharika wetu. Walikuwa wakipanda magari mawili kwenda na mawili kurudi, siku sita. Katika kikao mmoja wetu alisema kazi ya Mungu haina malipo. Tulinyamaza, maana neno hilo likisemwa ni vigumu kulijibu. Kisha mwingine akauliza kwa upole kama fundi aliyetushonea mavazi alilipwa. Alilipwa. Na aliyekodisha viti je? Naye alilipwa. Tunasema bila kuficha kwamba tuliona aibu. Tuliwapa nauli ya siku zote, chakula cha mchana, na kidogo cha mkononi kilichobaki katika mfuko wa umoja. Ikiwa una mtoto anayepiga chombo, utatuelewa. Huyo naye hula na huvaa viatu, na saa zake za kujifunza zilikuwa nyingi kuliko hizo dakika arobaini tunazomwona.

Na waume zetu? Mazoezi yalikuwa saa kumi alasiri na tulijitahidi kumaliza kabla giza halijaingia, lakini hatukufaulu kila siku. Baba mmoja alikuja kumchukua mkewe akiwa amekasirika, akaketi kiti cha nyuma akingoja. Siku ya pili alikuja mapema zaidi. Siku ya tatu aliinuka na kusema wimbo wa mavuno unakwenda mbio, hakuna mtu anayeweza kutwanga hivyo akabaki na mikono. Tulimkasirikia, halafu tukajaribu kutwanga kweli. Alikuwa na haki, tukapunguza mwendo.

Siku ya sikukuu umeme ulikatika kabla ya mahubiri. Kinanda chetu ni cha umeme, lakini betri zake mwalimu alikuwa amezinunua tangu Ijumaa, hatujui alihisi nini. Mchezo ukaanza. Tulipofika Bethlehemu, wanawake wa mji wakamzunguka Naomi na kumwuliza kama ndiye yeye. Akanyamaza, kama siku ile.

Binti wa kinanda akaingia katika kile kipande cha kusubiria, polepole, kwa mkono wa kushoto tu. Akakirudia. Akakirudia tena. Kijana wa filimbi aliinua filimbi akidhani zamu yake imefika, binti akamtikisia kichwa, akaishusha. Watoto wale wale wa shule ya Jumapili walikuwa wameketi mbele sakafuni, na safari hii hakuna aliyecheka, hakuna hata aliyekohoa. Mama wa ndizi, aliyekuwa amesimama karibu na kinu, akaanza kuimba kwa pua ile tuni ya mama yake, bila kuambiwa na mtu. Haikuwa katika daftari.

Naomi akainua uso, akasema maneno yake yote mpaka mwisho, kwa sauti isiyotetemeka. Kisha akaweka kikapu chini, na kinanda kikakoma.

Baadaye tulimwuliza binti alirudia mara ngapi. Alisema alihesabu mpaka kumi na moja, halafu akaacha kuhesabu. Yule mama aliyekuwa Naomi hakusema mengi. Alimshika binti bega, akamwuliza ni mtoto wa nani, na kama amekula.

Yule mzee wa kanisa alitupita mlangoni akatuambia kinu kilisikika vizuri, ila mwaka ujao tukisafishe kwanza. Kinu chenyewe tulikirudisha Jumatatu asubuhi na mapema, maana mwenyewe alikuwa na kisamvu cha kutwanga.